Theluji ya Desemba na baridi ya Juni

Ndugu msomaji, wenzangu katika kitabu hiki wameandika juu ya mahari, juu ya kilio na juu ya majina. Mimi nilipewa sikukuu za jamaa. Nilipokubali nilifikiri itakuwa kazi nyepesi: ningeeleza Noeli, Bonane na siku ya wazazi, ginsi watu wanavyovaa na wanavyokula, kiisha ningefunga. Lakini nilipoketi kuandika nikaona kwamba niko na jambo la kuchambua kuliko la kusifu. Ninataka kuchambua picha na maneno tunayotumia wakati wa sikukuu zetu na wakati wa baridi yetu. Mimi ni mwalimu wa Kifransa, na maneno hayo, sehemu kubwa, ni sisi walimu tulioyaingiza katika nyumba za watu.

Nianze na Desemba. Anayekaa Lubumbashi anajua Desemba iko namna gani. Mvua inapiga mabati tangu mchana, avenyu za Katuba na za Kenya zinakuwa matope, maembe yanaoza chini ya miti kwa kuwa mingi, na wamama wanatoka sokoni na bowa ndani ya kitunga. Usiku ni joto, mtoto anatupa shuka chini. Sasa ingia katika saloni ya mtu mwenye kujiweza kidogo. Pembeni kuna sapini ya plastiki, na juu ya matawi wametandaza pamba ya farmasi. Mwaka mmoja mtoto wa kaka yangu, alikuwa na miaka mine hivi, aliitazama ile pamba muda murefu, kiisha akaniuliza: «Tantini, nani alijikata?»

Tulicheka sana. Lakini mtoto alisoma ile picha vizuri kuliko sisi. Kwake pamba nyeupe ni kidonda. Hajaona theluji, na sisi watu wazima tuliokuwa pale hatujaiona pia, isipokuwa katika televisheni.

Karte za Noeli, na siku hizi picha zinazopitishwa katika simu, zote zinachora kitu kimoja: nyumba ya mbao, theluji juu ya paa, moshi unatoka katika shimene, na dirisha la mwanga wa manjano. Sisemi ni picha mbaya. Aliyeichora kwanza alichora kwao, na alichora ukweli: inje kunaua, ndani kuna moto, watu wako pamoja. Vilevile ule wimbo wa Tino Rossi wa 1946, «Petit Papa Noël», ambao masomo mingi yetu yanaufundisha watoto: unasimulia theluji inashuka, watoto wanapiga magoti kusali kabla ya kulala, na mmoja wao anamsikitikia yule mzee atakayetembea katika baridi. Ni wimbo mzuri wa mtoto wa Ulaya. Mahali unapokwama ni pale mtoto wa Ruashi anapouimba na jasho usoni, akimwonea huruma Baba Noeli juu ya baridi ya Desemba. Anaimba bila kuamini, na anajifunza mapema kwamba maneno ya masomoni si lazima yawe ya kweli. Hilo ndilo linaloniuma kama mwalimu.

Na tena shimene. Baba Noeli sherti apitie katika shimene. Katika mji wetu shimene ambayo kila mtoto anaijua iko moja tu, ile ya Gécamines, yenye zaidi ya metre 150, kando ya mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Mzee wa watu akishuka humo atatokea wapi?

Msomaji asifikiri kwamba ninaichukia Noeli. Nilikua katika kambi ya wafanyakazi, na wakati ule, pembeni ya posho na bunga, Desemba iliwaletea watoto wa kambi vitu vya kuchezea, desturi iliyotoka kwa Wabelgiji na Mtakatifu Nikola wao wa tarehe 6. Bado ninakumbuka harufu ya karatasi ya mtoto-sanamu niliyepewa. Wala sitaki mtu atoe amri. Amri ilikwisha kutolewa: katika 1974 serikali ya Mobutu iliamua kwamba tarehe 25 Desemba haitakuwa tena siku ya mapumziko, eti kwa ajili ya kurudia asili yetu. Marehemu baba yangu alitusimulia mwaka ule ulivyopita kwao: walienda kazini asubuhi, wakarudi mangaribi, wakachinja kuku, wakaimba. Basi. Leo tarehe hiyo ni siku ya mapumziko kama zamani, na sapini za plastiki zimeongezeka.

Kazi nzuri ilifanywa na wengine, na bila kelele. Joseph Kiwele, mtunga muziki wa hapa kwetu, alitunga misa kwa sauti za Katanga wakati mji ungali unaitwa Élisabethville. Huko Kamina, watoto na walimu wa masomo, pamoja na padri Guido Haazen, waliimba Missa Luba mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958. Maneno yake ni Kilatini kilekile cha Roma, lakini sauti zilitoka katika nyimbo za Waluba, hata zile za kilio na za kuagana. Sanctus ikafuata wimbo wa watu wanaoagana, na aliyeisikia hata mara moja anajua kwamba iko mahali pake. Tena katika 1988 Roma ilikubali misale ya majimbo ya Zaire, ambamo wahenga wanaitwa pamoja na watakatifu. Watu hao walichukua jambo la mbali wakalitafutia nyumba kabla ya kuliingiza. Sisi na pamba yetu hatukutafuta nyumba. Tulileta paa la theluji bila ukuta wake.

Kama mambo yangeishia hapa, ingekuwa kichekesho tu. Lakini baridi tunayo. Iko tu katika mwezi mwingine.

Mji wetu uko juu, karibu metre 1 200 na zaidi kutoka baharini. Mvua ikishakwisha, mbingu inakuwa wazi, na usiku joto lote la mchana linapanda na kupotea. Katika Juni na Julai kipimo kinaweza kushuka karibu na digri 5 kabla ya jua kutoka. Mtu wa Kinshasa akishuka uwanja wa ndege saa kumi na mbili asubuhi anafikiri amekosea nchi. Midomo inapasuka, miguu inakuwa nyeupe kama iliyopakwa majivu, mavumbi yanaingia puani, na usiku unasikia kikohozi kutoka nyumba hata nyumba. Ndiyo majira yetu ya baridi. Hayana karte, hayana wimbo, na katika vitabu vya kusoma nilivyofundisha sikuyaona hata katika ukurasa mmoja.

Sasa niseme kosa langu. Nilipotoka ISP na diplome yangu mkononi, nilifundisha katika masomo moja ya hapa mjini. Mwezi wa Juni nilitoa redaksio: eleza siku moja ya majira ya baridi. Katika akili yangu nilingoja theluji, miti isiyo na majani, watu wenye makoti. Nilingoja kitabu. Wanafunzi karibu wote wakanipa kitabu, na makosa yao ya kunakili. Kijana mmoja peke yake aliandika juu ya kwao. Kifransa chake kilichechemea, lakini aliandika hivi, nikiyageuza kwa kifupi: kwetu baridi ikizidi, mama anaingiza mbabula ndani ya chumba. Tunaziba dirisha kwa gunia. Wadogo wanalala karibu na moto. Nkambo analala kwenye mlango kwa sababu anaamka usiku, na pale mlango haufikie chini, upepo unamsumbua. Asubuhi kichwa kinatuuma sisi wote, isipokuwa nkambo.

Nilimpa 6 kwa 20. Nikaandika kwa bic nyekundu: «Uko nje ya somo.» Nikaweka karatasi katika sakoshi.

Siku chache baadaye kijana hakuja. Mama yake ndiye alikuja, macho mekundu, kuomba ruhusa. «Mwalimu, mudogo wake alilala, asubuhi akakosa kuamuka. Tulimupeleka ku hospitali mu mugongo. Mungu alisaidia, sasa anaamuka. Lakini shida iko mu nyumba.» Nikamuuliza shida gani. Akatazama chini. Wote walioamka wakitapika walikuwa wakiulizana kwa nini nkambo peke yake, mama mzazi wa mume wake, aliamka mzima kama mtu aliyelala kwake. Ndugu mmoja wa mume alikwisha kulitaja lile neno. Ndugu msomaji, unalijua.

Jibu lilikuwa ndani ya sakoshi yangu, limeandikwa na mtoto wao, na mimi nilikuwa nimelikatalia.

Acha nieleze kwanza juu ya mbabula, kwa sababu ninaipenda na sitaki wasomaji waikimbie. Kama kuna kitu kinachokusanya jamaa ya Lubumbashi, ni ile. Saa kumi na moja jioni unawaona watoto inje wanaipepea kwa kipande cha karto, cheche zinaruka. Kwanza bukari na sombe vinapikwa juu yake. Kiisha chungu kinatolewa, kandolo zinafukiwa katika majivu, karanga zinakaangwa, na watu wanasogea: wadogo mbele, wakubwa nyuma, nkambo juu ya kiti cha chini na kitenge begani. Kikombe cha munkoyo kinazunguka. Umeme unakuja na kuondoka, na ukiondoka hakuna anayelalamika sana, kwa maana hadisi zinapenda giza. Nilijifunza kusimulia pale, mbele ya kujifunza kuandika. Mangaribi kama ile ina mwanga wake wa manjano na mlango wake wa baridi, sawa na ile karte ya Noeli. Ni picha yetu wenyewe, na hakuna anayeichora. Wachoraji wa hapa, miaka ya 1970, waliuza kwa wafanyakazi Mamba Muntu, Inakale, Colonie belge, na watu walizitundika katika saloni zao kama ukumbusho. Siku hizi kwenye misumari ileile ninaona posta za milima yenye theluji.

Lakini huyu moto naye alihama bila nyumba yake. Nkambo zangu walikaa upande wa Sakania. Nilifika kule nikiwa mdogo. Nyumba ilikuwa ya udongo na paa la majani, na moshi ulitoka polepole katika majani yenyewe. Juu ya moto waliangika mbegu za mahindi ili wadudu wasizile. Na moto wa mazungumzo haukuwa hata ndani ya nyumba: ulikuwa katika nsaka, lile paa lisilo na kuta ambamo wageni wanapokelewa na kesi zinasikilizwa. Nyumba ile ilikuwa inapumua. Mjini tuna simenti, bati, dirisha dogo, na tukisikia baridi tunaziba hata lile dogo. Desturi ya kukaa na moto tumeichukua mzima, lakini majani ya paa tumeyaacha kijijini.

Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inaingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, miguu inalegea, kiisha usingizi, na katika usingizi ule mtu anaweza kufa bila kukohoa hata mara moja. Hapo ndipo watu wanapodanganyika: wanafikiri ubaya uko katika moshi. Wanangoja makala yawe mekundu, moshi uishe, ndipo waingize mbabula na kufunga mlango, kwa akili yao wamefanya vizuri. Lakini makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa gesi hiyo pia. Mbabula inaweza kupasha chumba joto jioni, mlango wazi na watu macho. Saa ya kulala sherti itoke inje. Anayeamka na kichwa kizito atoke upesi kwenye hewa, na mgonjwa apelekwe hospitali, na waganga waambiwe kwamba kulikuwa makala ndani. Na anayelala karibu na upenyo wa mlango ataamka mzima kuliko wengine, awe nkambo, awe mgeni, awe mbwa.

Nilienda kwa wale watu mangaribi ileile na karatasi ya kijana. Niliisoma mbele ya baba, mama, na yule ndugu, nikiigeuza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nkambo aliketi pembeni, hakusema kitu. Nilipofika pale pa mlango, baba aliinuka, akaenda kutazama chini ya mlango, akaweka mkono. Alikaa pale muda. Mama alianza kulia. Yule ndugu alisema kwamba walimu wanajua vitabu lakini hawajui watu, akaenda zake. Wiki iliyofuata nkambo alipelekwa Likasi kwa binti yake, «apumzike kidogo». Hakurudi tena.

Kwa ajili ya hiyo siku ya wazazi inanipa shida. Tarehe 1 Agosti iko katika vakansi kubwa, baridi inaanza kulegea, upepo wa mavumbi umeingia. Ni sikukuu ya kwetu kabisa, nchi nzima ya Kongo: asubuhi ni ya wafu, mchana ni ya wazazi walio hai. Watu wanaenda makaburini na jembe na panga, majani yamekauka, kazi ni nyepesi. Wanafagia, wanapaka chokaa, wanasimama kidogo. Kiisha wanarudi nyumbani kuwavalisha wazazi vitenge na kuwalisha kuku. Mimi ninaiweka juu ya sikukuu zetu zote, kwa jinsi ilivyopanga siku: kaburi kwanza, sahani baadaye. Hakuna aliyetufundisha hiyo kwa karte. Lakini kwa miaka hii ninaona asubuhi imekuwa fupi na mchana umekuwa murefu, bia nyingi, foto nyingi. Na ninaona wazazi wanaopigwa foto na vitenge vipya tarehe 1 Agosti baada ya kunong'onezewa mwezi wote wa Julai juu ya kikohozi cha mjukuu. Mwaka ule nilipita kwa kina kijana siku hiyo. Walikuwa na kuku, walikuwa na muziki. Kiti cha chini kilikuwa pale, watoto wameweka chupa juu yake.

Juu ya afya nyingine ya majira haya sitakawia, wamama wanajua zaidi yangu. Uji wa moto asubuhi, ndimu na tangawizi, mafuta ya ngozi kabla ya masomo. Majani ya mkaratusi yanafungua pua, ni kweli, lakini kumfunika mtoto mdogo na blangeti juu ya sufuria inayochemka kumekwisha kuunguza wengi. Na mtoto anayepumua mbiombio, mbavu zinaingia ndani, huyo si wa mkaratusi, ni wa hospitali, na si ya kesho.

Neno moja kwa wenzangu walimu na wakubwa wa masomo. Tarehe 30 Juni tunawapanga watoto saa kumi na mbili asubuhi kwa defile, mashati meupe ya mikono mifupi, na tunawavua triko eti zinaharibu uniformi. Wanasimama saa mbili, saa tatu, meno yanagongana, wakingoja wakubwa wafike na makoti yao. Nimekuwa kati ya walimu waliovua triko hizo. Uhuru ulipatikana mwezi wa baridi, hilo hatuwezi kuligeuza. Triko tunaweza kuzinunua za rangi moja.

Mimi nimegeuza somo la redaksio. Tangu mwaka ule Juni ninaandika ubaoni: eleza jioni moja ya baridi kwenu, nani anaketi wapi, moto uko wapi, saa ya kulala unaenda wapi. Ninasoma karatasi zote siku ileile, kabla ya kutazama makosa ya Kifransa. Wapo wanaoniletea bado theluji, kwa mazoea. Mwaka huu msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono, akauliza kama anaweza kuandika mbabula ndani ya Kifransa, au atafute neno la kitabu. Kitabu kinasema brasero. Nikamwambia aandike mbabula, na pembeni aandike iko upande gani wa mlango.